Majibu Niliyompa Daktari Kuhusu Kavata

Alhamisi, mwezi wa saba. Mawingu yamekalia Tawa tangu asubuhi, yale ya baridi tupu, hayanyeshi na hayaendi.

Mimi ni mtu wa bahati. Nimesema hivyo kwenye mikrofoni mara nyingi na leo naandika. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilikuwa Mombasa napiga muziki hotelini mbele ya Wazungu waliovaa chupi tu. Nimewahi kukwama Dodoma siku nne bila pasipoti na nikarudi nyumbani nimenona. Shule niliacha kidato cha pili, na bado wenye digrii zao hunitafuta niwaongozee harusi. Lakini hiyo yote ni bahati ndogo. Bahati yangu kubwa ni kwamba ile kitu inaitwa usonji, wengi hapa huita autism, ilikuja kwenye familia yetu, ikachagua mlango wa dada yangu, wangu ikaupita. Nina watoto watatu, na wote wanaongea mpaka unawaomba wanyamaze.

Hayo yakae hapo kwanza.

Kwa msomaji mgeni: mimi hukodisha mahema, viti na mitambo ya sauti, na emsii ni mimi mwenyewe. Mazishi, harusi, ntheo, ile siku ya kupeleka mbuzi kwa kina msichana. Nunguni kwenye baridi wananijua, Kyuso kwenye vumbi wananijua. Ukisikia watu wanacheka kwenye matanga, ujue nimefika.

Leo sikuchekesha mtu.

Leo nilimpeleka Kavata hospitali. Kavata ni kifungua mimba wangu, ana miaka ishirini na miwili, anasomea upimaji wa ardhi kwenye chuo kimoja Kitui. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo Kavata ni mama yangu, na hapo sitanii. Tangu alipozaliwa namwita mwaitu, yaani mama, na akinigombeza nanyamaza kama mtoto.

Kichwa chake ni moto. Mpe shamba lenye kona saba alitembee mara moja, atakuambia ukubwa wake kabla hujatoa kamba. Shida ni mtihani. Wanafanyia kwenye ukumbi mkubwa wa mabati, watu mia na zaidi, feni zinanguruma juu, viti vinakwaruza sakafu. Mara mbili ametoka nje katikati ya karatasi na kuketi nyuma ya matangi ya maji, mikono masikioni. Chuo kimesema akitoka mara ya tatu atafukuzwa, isipokuwa alete barua ya daktari, hapo watampa chumba chake kidogo. Barua ifike kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwalimu mmoja wa kike ndiye alimwambia pembeni, umewahi kusikia Asperger? Kavata alisoma wiki tatu, halafu akanipigia simu akanieleza kwa saa nzima bila kuniuliza kama nimekula.

Niseme ukweli, nililipenda hilo neno. Asperger. Lina sauti ya spea ya gari la Mjerumani. Nikaingia kwenye simu nikasoma kidogo, nusu yake nikaelewa, nusu nikajazia. Watu wa hesabu. Watu wasiodanganya. Watu wanaojua jambo moja mpaka kwenye mizizi. Nikatembea nalo Tawa nzima kama saa mpya.

Kwa kinyozi nikasema, "Binti yangu anachunguzwa Asperger."

Kinyozi akazima mashine. "Hiyo inaambukiza?"

"Ingekuwa inaambukiza ningekuletea, uongeze akili kidogo."

Tulicheka sana siku hiyo. Kwa kichwa changu Asperger ilikuwa kitu kimoja na autism kitu kingine kabisa, kama vile Kitui si Makueni, kuna mto katikati. Autism ni ya Muthui. Muthui ni mtoto wa dada yangu Mwende, ana miaka ishirini na mmoja, hajawahi kusema neno. Ana shati moja analokubali. Akisikia pikapu yangu hukimbia getini kushika taa ya mbele, ya kushoto tu, halafu huondoka zake. Nampenda. Lakini nilikuwa nimejiambia wangu si kama huyo.

Daktari alikuwa msichana wa Mwingi, Daktari Zuhura, mtandio mweusi na koti jeupe, Kiswahili chake kimenyooka mpaka nikaanza kuchunga changu. Alikaa na Kavata kwanza, karibu saa nzima. Halafu Kavata akatoka, akaenda mwisho wa kibaraza, akavaa vile vya masikio vya mafundi wa kukata vyuma, na mimi nikaitwa.

"Baba, sasa kazi ni yako," daktari akaniambia. "Mtu mzima akija hapa siwezi kumwona alivyokuwa mdogo. Nitamwona kupitia kwako."

Nikakaa vizuri. Mtu akinipa nafasi ya kuongea, huwa amenipa kiti cha mbele. "Daktari, tusikuchoshe," nikasema. "Wewe andika tu Asperger, tuende."

Akatabasamu kidogo, akaweka kalamu chini.

Akanieleza polepole, bila dharau, na nitaandika nilivyoelewa. Kwamba zamani mtoto aliyeanza kuongea mapema na akawa sawa darasani, lakini mambo ya watu yakampita na kelele zikamtesa, alikuwa anaandikiwa Asperger. Aliyechelewa kuongea aliandikiwa autism. Halafu madaktari wakaona ule mpaka haushikiki. Mtu yule yule, hospitali hii anapata jina hili, ile anapata lile. Kwa hivyo yote wakaweka chini ya jina moja, wigo wa usonji, na sasa wanaandika mtu anahitaji msaada gani, na kiasi gani. Akasema kuna watu wazima waliopewa jina la zamani na wanalipenda, na yeye hamnyang'anyi mtu jina lake. Lakini kwenye barua ya leo hataandika Asperger.

"Utaandika nini?"

"Nikiona dalili zote, nitaandika usonji."

"Kama Muthui?"

"Muthui ni nani?"

Nikamweleza.

"Ndiyo, baba. Wigo mmoja. Lakini usiufikirie kama ngazi, kwamba Muthui yuko chini na Kavata yuko juu."

Kwa sababu ni lazima kila kitu nikipeleke kwenye kazi yangu, nikamuuliza kama ni kama mikisa ya mitambo, ile meza yenye vifungo vingi. Besi ya huyu iko juu, sauti yake iko chini, mwingine kinyume, lakini meza ni moja. Daktari akafurahi kweli. Akasema atautumia mfano huo kwa wazazi wengine.

Siku nyingine ningetangaza hilo mpaka Nunguni.

Lakini mimi nilikuwa nishatoka kwenye kile chumba. Mwili ulikuwa kwenye kiti, mimi nilikuwa Kyuso, miaka kumi na saba nyuma.

Mwende alikuwa ameolewa kule Kyuso. Muthui alipofika miaka minne bila neno, hatazami mtu, anazungusha kifuniko cha sufuria kutwa nzima, wakwe zake walimrudisha kwetu na mtoto. Baada ya mwezi wazee wao wakaita kikao kwa chifu wa Kyuso, na sisi tukaenda na Mwende na mtoto. Mume wake, Mutinda, hakuwa mtu mbaya. Nakumbuka alikaa mwisho wa benchi, kofia mkononi. Mzee mmoja wao akasema mambo kama haya hutoka upande wa mama, maana yake kwetu.

Nikasimama. Sauti ninayo, na siku hiyo sikuhitaji spika.

Nilisema kwetu hakuna kichwa kama hicho tangu babu wa babu. Nikawaambia watafute ni nani wao alikula kithitu kwa uwongo. Kithitu ni kiapo chetu cha kimila, na watu huamini ukikila ukidanganya kinafuata watoto wako na watoto wao. Kumwambia mtu hivyo mbele ya ukoo wake ni kumtemea mate usoni. Watu wetu wakapiga makofi. Upande wao ukainuka mmoja mmoja, ukaenda.

Nilirudi nyumbani najiona nimeshinda kesi.

Baadaye sana ndipo nilisikia kwamba Mutinda alikuwa amekuja kwenye kikao siku hiyo kumchukua bibi yake na mtoto wake warudi nyumbani. Hakuja tena. Mimi nikamjengea Mwende nyumba ya vyumba viwili kwenye boma langu, mabati ya rangi, na watu wote wakasema nina roho nzuri. Nilikubali. Mwaka uliofuata mama ya Kavata akafariki, na Mwende akanilelea watoto wangu watatu pamoja na wake.

Hayo sikumwambia daktari. Nilichoona ni kwamba akiandika lile neno kwenye karatasi ya Kavata, basi maneno yangu ya Kyuso yanaanguka.

Akaanza kuuliza.

Aliongea lini? Mapema, nikasema, miezi kumi. Hiyo ni kweli.

Alicheza na wenzake? Nikasema alikuwa kiongozi wao. Ukweli ni kwamba Kavata alikuwa anasimama mbali akiwaambia sheria za mchezo, na wakimkimbia anabaki akipanga viatu vyao mlangoni, kuanzia kidogo mpaka kikubwa.

Chakula? Anakula kila kitu, daktari. Alikuwa akipewa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, anatoa maharagwe, moja moja, anayapanga ukingoni mwa sahani, anabaki na mahindi peke yake. Ukimharakisha, analala njaa.

Kukumbatiwa? Anapenda sana. Sikumbuki kumkumbatia.

Kelele? Hapo nilicheka kabisa. Nikamwambia, "Huyu amezaliwa ndani ya spika!"

Nataka kuandika hii ya kelele vizuri kwa sababu ndiyo inaniuma. Kila nikijaribu mitambo nyumbani, Kavata alikuwa anakimbilia ghalani na kujifunika magunia ya ndengu. Siku moja, akiwa na miaka sita, kulikuwa na wageni, nikamfuata na mikrofoni. Nikaanza kutangaza kwa spika zote, "Tunatafuta mama mmoja amepotea, anaitwa Kavata." Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwende alimtoa pale amejing'ata mkono, alama za meno zikakaa siku nyingi.

Daktari aliandika kila nilichosema. Uso wake ulikuwa unabadilika kidogo kidogo.

Na msinione mjinga wa kupindukia. Tulikuwa na maelezo yetu. Mama yangu, Kavata mkubwa, alikuwa hivyo hivyo. Hakumshika mtu mkono. Alijua kila mbuzi wa kijiji alizaliwa mwezi gani. Pasta akirudia mahubiri ya mwezi uliopita, alikuwa anainuka katikati ya kanisa na kumkumbusha. Kwa hivyo huyu mdogo alipoanza kuongea kama mzee, maneno makubwa, uso mkavu, akiwasahihisha wageni, tulifurahi. Ni Susu amerudi, nyanya mwenyewe. Majirani walikuwa wanakuja kumsikiliza. Nani hupeleka mama yake hospitali kwa sababu ya tabia zake? Muthui alipewa jina la mzee wa upande wa baba yake aliyekuwa mcheshi na msemaji sana, kwa hivyo yeye kunyamaza kwake kulionekana haraka.

Mwishowe daktari akamwita Kavata ndani.

"Kavata, mimi naona mengi kwako," akasema. "Lakini ni lazima yawe yalianza utotoni. Baba anasema hapakuwa na kitu. Kama yalianza chuoni, inaweza kuwa wasiwasi, inaweza kuwa jambo lingine, na msaada wake ni mwingine. Leo siwezi kuandika."

Kavata alitazama kalenda ukutani. Hata mara moja hakunitazama, lakini yeye hatazami mtu.

"Baba, umedanganya ama umesahau?"

"Nimesahau kidogo, mwaitu."

"Kidogo ni ngapi?"

Nimeongoza matanga ya watu mia tano. Nimenyamazisha walevi kwa sentensi moja. Nikaanza kutafuta funguo za pikapu mfukoni.

Daktari akasema, na nadhani alisema kwa ajili yangu, kwamba kama kuna mtu mwingine aliyemlea Kavata, anaweza kuja Jumanne. Baada ya Jumanne yeye anaenda likizo, na mwezi utakuwa umeisha.

Kwenye pikapu sikuwasha redio. Tukiwa karibu kufika nikajaribu kujiosha. Nikamwambia, "Lakini hata wewe, mwaitu, ungetaka wakuandikie hilo neno la Muthui? Si lile lingine ni zuri zaidi?"

Kavata akageukia dirisha.

"Muthui akisikia mitambo yako anaingia ghalani," akasema. "Mimi nilikuwa naingia ghalani. Tulikuwa tunakaa pamoja kwenye magunia. Sijui kwa nini unataka majina mawili."

Sikujua kwamba walikuwa wawili kwenye yale magunia. Miaka yote hiyo.

Tulipofika Muthui alikuja, akashika taa yake, akaondoka. Kavata akaenda kulala na viatu. Mwende alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta ndengu.

"Baba Kavata, wamesema nini?"

"Wamesema tungoje."

"Tungoje nini?"

"Hawajaona kitu."

Akatua ungo. "Hawajaona, ama hukuwaonyesha?"

"Mama Muthui, maswali ya daktari ni mengi, mtu anachanganyikiwa..."

"Wacha hiyo sauti ya matanga. Ni mimi nilimtoa kwenye magunia. Wewe ulikuwa umeshika mikrofoni." Akajifuta mikono kwenye leso. "Jumanne nitaenda mimi. Nitamwambia yote, mpaka ya maharagwe."

Nikasema sawa. Nikafikiri imeisha. Nikaanza kuondoka.

"Na siku ile ya Kyuso," akasema, taratibu kabisa, hata hakupandisha sauti. "Ukisimama mbele ya baba Muthui. Ulikuwa umeshaona Kavata ako aje?"

"Sikuwa najua kitu, dada yangu. Kweli."

Akaniangalia. Akasema, "Haya." Akainua ungo akaendelea kupepeta.

Hiyo "haya" ndiyo niko nayo hapa. Nimekaa kwenye pikapu, mlango wazi, saa kumi na moja jioni, nachapa na kidole kimoja. Kule nyuma ndengu bado zinagonga ungo.

Daktari kwangu amekuwa mpole. Alisema usonji si laana, si malezi mabaya, hakuna aliyekosa. Alifikiri ananipunguzia mzigo. Kama hakuna aliyekosa, basi Mutinda hakukosa, na kile nilichomfanyia hakikuwa na sababu hata moja. Mwende ameishi miaka kumi na saba kwenye nyumba yangu ya mabati ya rangi, na kila Krismasi nilikuwa namkumbusha mbele ya watu kwamba nilimtetea.

Nimefikiria nimwambie nini. Emsii ana maneno ya kila shughuli, hii sina.

Nimeamua hivi. Jumanne nitawaendesha mpaka hospitali, nitaingia na Mwende, na kabla hajafungua mdomo nitamwambia daktari achukue yale majibu yangu ayapige mstari. Lakini siwezi kungoja mpaka Jumanne nimuombe msamaha Mwende mbele ya mgeni. Ni kesho asubuhi, kabla sijapakia viti vya Nunguni. Nikishindwa kusema, nitampa Kavata hii simu amsomee shangazi yake. Kavata haruki mstari.

Basi, Mwende, kama ni yeye anakusomea, ile bahati niliyojisifia pale juu ni uwongo. Usonji haukupita mlango wangu. Nilimwona Kavata alivyo akiwa na miaka mitatu, na siku ile niliposimama Kyuso nilikuwa najua.